Kuiweka Picha ya Usuli Katikati ya Ukurasa: Somo la CSS kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

UTANGULIZI

Katika karne hii ya teknolojia ya habari na mawasiliano, si ajabu kumkuta mwanafunzi wa Kiswahili amekabidhiwa jukumu la kusanifu ukurasa wa tovuti: wa chama chake, wa kongamano la idara, wa tamasha la ushairi, au wa kuhifadhia kazi zake mwenyewe. Aghalabu jambo la kwanza analolitamani ni picha kubwa itandazwe nyuma ya maandishi: jahazi la Lamu, minazi ya pwani, mlango ulionakshiwa. Na aghalabu jambo la kwanza linalomtoa jasho ni kuifanya picha hiyo itulie katikati. Kwenye tarakilishi yake imekaa sawia. Kwenye simu ya mwenzake jahazi halionekani, pamebaki maji matupu. Ukurasa ukirushwa ukutani na projekta ukumbini, picha imejibanza pembeni kama mgeni asiyekaribishwa. Hapo hubadilisha namba hii na ile, akapata nafuu kwenye kiwambo kimoja na kuharibu kwenye kingine.

Makala haya yanadhamiria kulieleza tatizo hilo kutoka kwenye mzizi wake. Inashikiliwa hapa kwamba usumbufu mwingi wa picha za usuli hutokana na maswali mawili ambayo msanifu hakujiuliza. Katikati ya nini? Na ni sehemu ipi ya picha inayopaswa kukutana na hiyo katikati? Mwenye majibu ya maswali haya hana haja ya kukariri amri. Fauka ya hayo, wapo miongoni mwetu wanaodai kuwa masomo ya aina hii hayawezi kutolewa kwa Kiswahili bila kuchanganya ndimi. Dai hilo lina njia moja tu ya haki ya kupimwa, nayo ni kujaribu kufundisha. Msomaji atakuwa mwamuzi.

KUHUSU ISTILAHI

Maneno mengi ya fani hii tayari tunayo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ilidhihirika kwamba programu nzima ya ofisi, kuanzia menyu hadi maelezo ya makosa, inaweza kusomeka kwa Kiswahili. Katika makala haya, kivinjari ni programu inayotumiwa kufungulia kurasa za tovuti. Kiwambo ni kioo cha tarakilishi au cha simu, na dirisha ni ile sehemu ya kiwambo ambamo kivinjari huonyesha ukurasa. Pikseli ni kipimo kidogo kinachotumiwa kupimia upana na urefu kwenye kiwambo. Sanduku ni eneo la mstatili ambalo kila kipande cha ukurasa hulimiliki, kiwe aya, kichwa au ukurasa mzima.

Neno lenye utata ni lile la kutajia kilicho nyuma ya maandishi. Programu kadhaa za simu hutumia ‘mandharinyuma’. Neno hilo lina kasoro kwa wasomaji wa jarida hili: kwa mwanafunzi wa fasihi, mandhari ni mahali na wakati wa matukio ya kazi ya kifasihi, na kuliongezea ‘nyuma’ hakumfanyi asahau hivyo. Tumechagua ‘usuli’, neno ambalo kila aliyewahi kuandika pendekezo la utafiti amelitumia kwa maana ya yale yanayotangulia hoja na kuibeba. Picha ya usuli, basi, ni ile inayoyabeba maandishi bila kushindana nayo. Atakayependelea mandharinyuma hatukosani naye.

Msimbo wenyewe hatuutafsiri. Kivinjari kina msamiati wake maalumu, na ukikiandikia ‘usuli’ mahali pa background kitalipita neno hilo kana kwamba halikuandikwa.

SARUFI YA CSS

CSS ni lugha ya kuelezea mwonekano wa ukurasa, ilhali HTML hueleza maudhui na muundo wake. Ilipendekezwa na Håkon Wium Lie mwezi Oktoba 1994, alipokuwa akifanya kazi CERN huko Uswisi. Baadaye alishirikiana na Bert Bos, na toleo la kwanza likaidhinishwa na W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti, mwezi Desemba 1996. Uwezo wa kuipangia picha ya usuli mahali pake ulikuwamo tangu toleo hilo la kwanza. Uwezo wa kuibadilishia ukubwa ulikuja baadaye sana, katika toleo la tatu, na ndiyo sababu kurasa nyingi za miaka ya 2000 zilikuwa na picha ndogo zilizoning’inia katikati ya rangi tupu: picha haikuweza kutanuliwa ilingane na kiwambo.

Kwa aliyezoea uchanganuzi wa sentensi, CSS haina mageni makubwa. Kanuni moja ina pande mbili kama kiima na kiarifu. Upande wa kwanza ni kiteuzi, kinachotaja kitu kinachozungumziwa. Upande wa pili, ndani ya mabano, una maelezo kuhusu kitu hicho; kila elezo lina sifa na thamani yake, zikitenganishwa kwa koloni na kufungwa kwa semikoloni. Tazama:

body {
  background-image: url(jahazi.jpg);
  background-repeat: no-repeat;
  background-position: center;
}

Kiteuzi ni body, yaani mwili wa ukurasa. Elezo la kwanza linataja faili ya picha. La pili linakataza picha isirudiwerudiwe. Bila katazo hilo kivinjari huipanga picha ubavu kwa ubavu kama vigae vya sakafuni mpaka nafasi ijae. La tatu ndilo kiini cha somo: linaagiza picha ikae katikati, kwa mlalo na kwa wima.

Hapa pana mtego unaowanasa hasa wanafunzi wa Kenya. Shuleni tulifunzwa tahajia ya Uingereza, ambamo neno hili huishia kwa ‘tre’. CSS inaijua tahajia ya Marekani peke yake: center. Mwanafunzi anayeandika centre hapokei onyo lolote. Kivinjari hulitupilia mbali elezo zima kimyakimya na kuiacha picha pembeni juu, upande wa kushoto, ambako ndiko makao yake ya kawaida. Hali ni hiyo hiyo kwa neno la rangi, ambalo huandikwa color bila herufi ‘u’. Vilevile, jina la faili sharti lilingane herufi kwa herufi. Picha iitwayo Jahazi.JPG huonekana bila taabu kwenye tarakilishi yenye Windows hata ukiandika jahazi.jpg, kisha ikatoweka siku ukurasa unapohamishiwa kwenye seva yenye Linux, kwa kuwa huko herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili.

MJI WA LESO

Katikati ya nini? Ili kulijibu swali hili tutazame leso. Kila leso ina pindo, yaani ule mstari mpana wa nakshi unaoizunguka. Ina mji, ambao ni eneo la ndani ya pindo. Na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa. Sanduku la CSS lina mpangilio unaokaribiana na huo. Kwa nje kabisa lina pambizo, nafasi inayolitenga na majirani zake. Kisha lina pindo. Ndani ya pindo mna nafasi ya kupumulia, na ndani zaidi mna maudhui yenyewe.

Kivinjari kinapoagizwa kuiweka picha katikati, hupima mji. Upimaji huanzia ukingo wa ndani wa pindo upande mmoja hadi ukingo wa ndani wa pindo upande wa pili, nafasi ya kupumulia ikiwamo, pambizo likiachwa nje. Kwa hiyo sanduku lenye pindo nene upande wa kushoto na jembamba upande wa kulia litakuwa na picha iliyo katikati ya mji, lakini kwa jicho la mtazamaji itaonekana imesogea kulia kidogo. Haijakosea, ndivyo ilivyoagizwa.

Leso haitufikishi mwisho wa safari, kwani mji wake haubadiliki ukubwa baada ya kupigwa chapa kiwandani. Mji wa ukurasa hubadilika kila mara kulingana na kiwambo, na hapo ndipo asilimia zinapohitajika.

MAANA YA ASILIMIA HAMSINI

Neno center ni ufupisho wa 50%. Wengi hudhani kwamba asilimia hii huonyesha mahali ambapo picha inaanzia. Dhana hiyo ingekuwa sahihi, picha isingekaa katikati kamwe. Chukua dirisha lenye upana wa pikseli 1,366 na urefu wa pikseli 768, na picha yenye upana wa 800 na urefu wa 600. Nusu ya 1,366 ni 683. Ukingo wa kushoto wa picha ungewekwa hapo, kitovu cha picha kingeangukia pikseli ya 1,083, mbali sana na katikati, na sehemu ya picha ingetoka nje ya dirisha.

Kivinjari hufanya jambo tofauti. Huitafuta nukta iliyo asilimia 50 ndani ya picha, kikaitafuta nukta iliyo asilimia 50 ndani ya sanduku, kisha kikazikutanisha. Asilimia, kwa hakika, ni ya pande zote mbili kwa pamoja. Asilimia 0 hukutanisha ukingo wa kushoto na ukingo wa kushoto. Asilimia 100 hukutanisha ukingo wa kulia na wa kulia. Hesabu yake ni nyepesi: toa upana wa picha kutoka kwenye upana wa sanduku upate salio, halafu chukua asilimia ya salio hilo. Katika mfano wetu salio la mlalo ni 1,366 kutoa 800, yaani 566, na nusu yake ni 283. Salio la wima ni 768 kutoa 600, yaani 168, na nusu yake ni 84. Picha itaanzia pikseli 283 kutoka kushoto na 84 kutoka juu.

Mwanafunzi mwepesi wa kuridhika angeweza kuziandika namba hizo moja kwa moja, 283px 84px, akaona picha imetulia. Imetulia kwenye dirisha hilo peke yake. Ukurasa ukifunguliwa kwenye simu yenye dirisha la 360 kwa 640, picha ile ile itaanzia pikseli ya 283 na kubakiwa na nafasi ya pikseli 77 tu za kuonekana. Asilimia ingefanya hesabu upya: 360 kutoa 800 ni hasi 440, nusu yake ni hasi 220. Salio hasi lisitutishe. Maana yake ni kwamba picha inaanzia pikseli 220 nje ya ukingo wa kushoto, inatokeza 220 nje ya ukingo wa kulia, na kinachoonekana ni utepe wake wa kati. Kwa wima, 640 kutoa 600 ni 40, kwa hiyo juu na chini hubaki nafasi ya pikseli 20 kila upande.

Kutokana na hesabu hii hutoweka fumbo moja linalowasumbua wengi: mbona wakati mwingine asilimia hubadilishwa kutoka 50 hadi 10 na picha isitikisike? Jibu ni kwamba salio ni sifuri. Picha ikiwa na upana sawa kabisa na sanduku, asilimia yoyote ya sifuri ni sifuri.

Ikumbukwe pia kwamba thamani mbili zikiwa namba, ya kwanza ni ya mlalo na ya pili ni ya wima. Maneno yakitumiwa yenyewe, kama top center, mpangilio si hoja, maana juu haiwezi kuwa kushoto. Lakini ukichanganya neno na namba, nidhamu ya mpangilio hurejea: center 50px inakubalika, ilhali top 50px hutupwa.

UREFU WA UKURASA NA UTENZI MREFU

Tatizo la mlalo huisha mapema. La wima ndilo lenye ukaidi, na kwa maoni yangu ndilo linalowafanya watu waichukie CSS bila haki. Mwanafunzi ameandika center vizuri, kwa tahajia ya Marekani, na picha imekatwa kichwa. Kwa nini?

Sanduku la ukurasa mzima lina upana wa dirisha, lakini urefu wake ni urefu wa maudhui. Ukiandika salamu fupi na aya moja, sanduku linaweza kuwa na urefu wa pikseli 200 hivi, hata kama dirisha lina 768. Picha ya usuli iliyowekwa kwenye body hukabidhiwa kwa ukurasa mzima, na kivinjari huipaka rangi hadi mwisho wa dirisha. Hata hivyo, kipimo cha katikati bado ni kile cha sanduku la html lenye pikseli 200. Fanya hesabu: 200 kutoa 600 ni hasi 400, nusu yake ni hasi 200. Pikseli 200 za juu za picha zimetokomea nje ya dirisha. Tanga la jahazi ndilo lililokuwa huko.

Sasa geuza mfano. Ukurasa una utenzi wa beti mia tatu, na sanduku lina urefu wa pikseli 20,000. Katikati yake ni pikseli ya 10,000, hivyo picha itaanzia pikseli ya 9,700. Msomaji anayefungua ukurasa haoni picha yoyote. Ataikuta akifika ubeti wa mia na hamsini, kama amevumilia.

Dawa ya ugonjwa wa kwanza ni kulipa sanduku la html urefu usiopungua ule wa dirisha:

html {
  min-height: 100%;
}

Dawa hii haimfai mwenye utenzi, kwa kuwa sanduku lake limekwisha kupita dirisha. Huyo anahitaji kubadilisha jibu la swali letu la awali: katikati isiwe ya ukurasa, iwe ya dirisha. Mtu aliyejifunga leso haonyeshi leso nzima. Mtazamaji huona upande mmoja tu. Sifa ya background-attachment ikipewa thamani ya fixed, picha hupimwa kwa kile kinachoonekana dirishani, ikabaki imetulia hapo huku maandishi yakipita juu yake. Mwanafunzi huona jambo hili kama muujiza, kwani mara tu anapoliongeza, picha hukaa katikati hata bila kugusa urefu wa html.

Lakini thamani hii haifai kuaminiwa kupita kiasi. Internet Explorer 6 iliyotoka mwaka 2001 iliitekeleza kwa usuli wa ukurasa mzima peke yake, na vivinjari vya simu, hasa vya iPhone, vimekuwa na historia ndefu ya kuipuuza au kuitekeleza vibaya. Maadamu wasomaji wetu wengi husoma kwa simu, ni busara kuujaribu ukurasa kwenye simu halisi kabla ya kuutangaza.

Njia ninayoipendelea ni tofauti na zote mbili. Usiuvishe ukurasa mzima picha. Tenga bango la juu, lipe urefu wake, uweke picha humo, na beti zisomwe kwenye karatasi nyeupe chini yake.

KUFUNIKA AU KUTOSHEA

Toleo la tatu la CSS lilileta sifa ya background-size, na pamoja nayo thamani mbili zinazostahili kutofautishwa. Ya kwanza, contain, huitosheleza picha ndani ya sanduku bila kuikata, hata kama itaacha nafasi. Ya pili, cover, huitanua picha mpaka ilifunike sanduku lote, hata kama itakatwa. Zote hutunza uwiano wa upana na urefu, hivyo jahazi halitarefushwa kama limevutwa masikio.

Kwenye simu yetu ya 360 kwa 640, contain itaifanya picha ya 800 kwa 600 iwe 360 kwa 270, na kuacha pikseli 185 juu na 185 chini. Inatoshea, lakini haifuniki kitu. Kinyume chake, cover itaikuza picha mpaka urefu wake ufike 640; upana wake utakuwa takribani 853. Salio la wima ni sifuri. Salio la mlalo ni hasi 493.

Hapa ndipo swali la pili la utangulizi linapodai jibu lake. Tuchukulie kwamba katika picha hiyo jahazi haliko katikati. Mpiga picha alijua kazi yake, akaliweka kwenye robo ya kushoto na kuiacha bahari itambae kulia. Robo ya 853 ni takribani 213. Kwa center, picha inaanzia hasi 247, kwa hiyo jahazi liko kwenye hasi 34, yaani nje ya kiwambo. Tumeiweka picha katikati kwa usahihi kamili, na tumempoteza tuliyetaka aonekane. Ndiyo siri ya yale maji matupu kwenye simu ya mwenzetu.

Ukiandika 25% 50%, kivinjari kitaikutanisha robo ya picha na robo ya kiwambo. Picha itaanzia hasi 123, na jahazi litatua kwenye pikseli ya 90. Kwenye dirisha la 1,366, upana wa picha utakuwa sawa na wa dirisha, salio la mlalo litakuwa sifuri, na jahazi litabaki kwenye robo yake bila kuathiriwa. Kanuni hii ina faida isiyo dhahiri mwanzoni: asilimia inayolingana na mahali pa kiini cha picha haiwezi kukitupa kiini hicho nje, kiwambo kiwe chembamba au kipana. Basi kabla ya kuandika msimbo, itazame picha, ukadirie kiini chake kiko asilimia ngapi kutoka kushoto na ngapi kutoka juu. Kazi hiyo ni ya jicho, na haimhitaji mtaalamu wa tarakilishi.

Bango lililokamilika laweza kuandikwa hivi:

.bango {
  background: #1f3a4d url(jahazi.jpg) no-repeat 25% 50% / cover;
  min-height: 400px;
}

Jina la bango nimelibuni mwenyewe, kwani majina ya aina hii ni huru na hakuna sheria inayotulazimisha kuyaandika kwa Kiingereza. Mkwaju hutenganisha mahali na ukubwa, na ukisahaulika elezo zima huanguka. Rangi iliyotangulia ni akiba: picha ikichelewa au ikikosekana, maandishi meupe yatakuwa na kitu cheusi cha kuyashikilia. Tahadhari moja zaidi: sifa ya background kwa umbo hili fupi hufuta kila kilichotajwa kabla yake kuhusu usuli. Atakayeandika background: white, mistari kumi chini, kwa sanduku lile lile, ameifuta picha yake kwa mkono wake.

PICHA NA MSOMAJI

Picha ya usuli hutazamwa, maandishi husomwa. Yakigombana, maandishi hayana budi kushinda. Miongozo ya W3C kuhusu ufikivu huhitaji uwiano wa ung’avu usiopungua 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na kilicho nyuma yake, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Picha yenye anga jeupe na maji meusi haiwezi kutimiza sharti hilo kila mahali kwa rangi moja ya wino. Suluhisho ni kutandaza pazia jembamba la rangi juu yake:

background-image: linear-gradient(rgba(0,0,0,0.6), rgba(0,0,0,0.6)), url(jahazi.jpg);

Kinachotajwa kwanza ndicho kilicho juu. Pazia hili jeusi huiacha picha ionekane, lakini hulinyima anga nguvu ya kuyameza maandishi meupe.

Kuna jambo ambalo wasanifu wengi hawalifikirii. Picha ya usuli ni bubu. Msomaji asiyeona hutumia programu inayomsomea ukurasa kwa sauti, na programu hiyo hupita juu ya picha ya usuli bila kutaja lolote, kwa sababu CSS haina mahali pa kuandikia maelezo yake. Tuseme mwanafunzi anaandika kuhusu majina ya leso, akaweka picha ya leso katikati ya usuli na kuliacha jina lisomeke humo humo pichani. Kwa msomaji huyo, jina hilo halipo. Aliyechapisha ukurasa karatasini huenda naye asilione, maana vivinjari kwa kawaida havichapishi usuli mpaka viagizwe. Picha yenye ujumbe ni maudhui, na mahali pake ni ndani ya HTML, ikiambatana na maelezo kwa maneno. Usuli uachiwe picha ambazo ukurasa ungeeleweka bila hizo.

Na uzito wa faili, je? Picha iliyotoka kwenye kamera moja kwa moja huweza kuwa na megabaiti kadhaa, na msomaji anayenunua bando kwa shilingi zake ndiye anayeilipia. Ipunguze kabla ya kuipakia.

ZOEZI

Picha ina upana wa pikseli 1,200 na urefu wa 800. Imepewa cover kwenye simu yenye dirisha la upana wa 400 na urefu wa 800. Mpiga ngoma tunayetaka aonekane yuko asilimia 75 kutoka kushoto mwa picha. Kokotoa salio la mlalo, kisha ueleze mpiga ngoma atakuwa wapi picha ikipewa center. Baada ya hapo tafuta asilimia ndogo kabisa ya mlalo itakayomfikisha ukingoni mwa kiwambo upande wa kulia, ukilinganisha na ile ambayo wewe, kwa jicho lako, ungeichagua. Hesabu yote hii hufanyika kwa kalamu na karatasi, kivinjari kikiwa kimefungwa.